Uvimbe wa Kiunoni

Nilichaguliwa kuwa mlinzi wa kanisa kwa sababu ya urefu wangu. Sijawahi kuwa askari wala mgambo, na mara ya mwisho kupigana nilikuwa darasa la tano, nikapigwa na msichana. Lakini wazee wa kanisa letu la Wakongomani hapa Louisville walipokaa kikao cha usalama, waliangaza macho ukumbini wakaniona mimi, mrefu kama mlingoti, sicheki ovyo, nimesimama karibu na mlango kwa sababu viti vilikuwa vimeisha. Mchungaji akasema Mungu ameshatuonyesha mtu.

Nieleze mapema kwamba hakuna aliyekuwa ametuvamia. Mgeni pekee aliyewahi kuingia kwetu bila kualikwa ni mzee mmoja Mzungu aliyekuwa akitafuta mkutano wa watu wanaojaribu kuacha pombe. Alikosea mlango, akakaa nasi mpaka mwisho wa ibada, muda wa saa tatu na nusu, akala wali, akaondoka akishukuru. Lakini wazee walikuwa wametazama sana televisheni, na televisheni ya Marekani ukiitazama wiki nzima utaweka ulinzi hata kwenye banda la kuku. Wakaamua kwamba mtu mmoja lazima awe na "kitu". Neno bastola halikutamkwa kikaoni. Sisi tuliotoka upande wa Uvira vitu hivyo hatuvitaji kwa majina yake.

"Bon, na batu wasijue," mchungaji aliniambia pembeni. "Ikuwe siri ya batu batatu: mimi, weye, na Mungu."

Mke wangu akawa wa nne siku hiyohiyo, kwa sababu ndiye anayepanga nguo zangu. Wa tano akawa shemeji yangu, Mkenya aliyemuoa mdogo wangu wa kike. Huyu alikuja Columbus kusoma, akaishi miaka mingi chumba cha kupanga karibu na chuo kikuu, sasa ana kazi ya ofisini, nyumba Westerville, pembeni ya mji huohuo, na bastola mbili. Jumamosi huenda kulenga shabaha na wenzake wa kazini, na anasema hiyo ni sehemu ya kazi. Ni mtu asiyenunua hata birika bila kuchora jedwali.

"Shem, hiyo ni decision kubwa," akaniambia kwa simu. "Usi-rush. Wacha nikutumie spreadsheet."

Jedwali likaja. Lilikuwa na bastola ishirini na mbili, kila moja na uzito wake, urefu wake, unene wake, idadi ya risasi, na ugumu wa triga, yote yamepakwa rangi kijani, njano na nyekundu. Ya saba ndiyo iliyokuwa kijani tupu. Nilipochagua mke hakuna aliyenifanyia kazi kubwa kiasi hicho.

Dukani nikamkuta bibi mmoja mwenye miwani inayoning'inia kwa mnyororo shingoni, aina ya bibi ambaye ungetarajia akuuzie uzi wa kufuma. Nikamwambia nataka ndogo kuliko zote, ya kuficha. Akanipa kitu cha ukubwa wa pakiti ya biskuti. Kiganja changu kikaimeza, vidole viwili vikabaki vinaelea hewani bila pa kushika. Yule bibi akatikisa kichwa. Ndogo sana ni raha kuibeba na balaa kuipiga, akanieleza. Inaruka mkononi, na usipokuwa fundi utakosa hata ukuta. Kubwa ni tamu kuipiga, lakini kutembea nayo ni kama kujifunga pasi ya mkaa kiunoni. Wengi huja wakitaka ile ndogo, akasema, na wengi huirudisha.

Akanifundisha kuchagua kama mtu anayechagua viatu. Shika, uone kama vidole vyote vimepata mahali. Kidole cha mbele kifike kwenye triga bila kujinyoosha. Vuta sehemu ya juu kwa nyuma, uone kama una nguvu nayo. Fumba macho, inyanyue, fumbua, uangalie kama inatazama pale ulipokusudia. Nikafumba macho na kufumbua mara nyingi kuliko kwenye mkesha wa maombi. Mwisho nikachukua ya kati, milimita tisa, nyeusi, ambayo ikijazwa risasi haifiki kilo. Kwenye jedwali la shemeji ilikuwa ya kumi na saba. Alininunia wiki nzima.

Katika jimbo letu la Kentucky mtu mzima asiye na kesi anaweza kubeba bila kibali chochote. Jambo hilo lilinitia wasiwasi. Mimi nimeishi kambini Tanzania miaka kumi na minne, mahali ambapo hata sabuni ilikuwa na kadi yake. Siwezi kubeba kitu kisicho na karatasi. Nikaenda kusoma siku nzima, nikapiga shabaha, risasi zangu zikaenda chini kushoto kana kwamba nina ugomvi na goti la mtu aliyechorwa kwenye karatasi ya shabaha, nikafaulu hivyohivyo. Mwalimu alituonya mambo mawili. La kwanza, kila jimbo lina sheria yake, usivuke mpaka kabla hujauliza. La pili, bastola nzuri ya kubeba ni ile unayosahau kwamba umeibeba. Niliyaandika yote mawili kwenye daftari.

Basi nikaanza mazoezi sebuleni, bastola ikiwa tupu, risasi zimefungiwa chumba kingine. Pandisha shati, shika, chomoa, lenga pazia. Mke wangu alinitazama jioni tatu mfululizo akiwa na mwiko mkononi.

"Papa," akasema, "hata bugali haukimbiliake hivi."

Nikanunua suruali zilizonizidi kiuno, mkanda mgumu kama wa punda, na ule mfuko wa plastiki ngumu wa kuivalia ndani ya suruali, ubavuni kulia. Mashati yote yakawa ya kuachia nje. Kanisani akina mama wakampongeza mke wangu kwamba sasa ananilisha vizuri. Mwalimu alikuwa ametuambia tuijaribu katika kila mkao, nami nikatii: nikakaa, nikainama kufunga kamba za viatu, nikaendesha gari, nikafikia rafu ya juu kule ghalani ninakofanya kazi ya kupanga mizigo. Haikuonekana wala haikusogea. Baada ya mwezi nilikuwa siisikii kabisa, kama mtu asivyosikia pete kidoleni.

Kitu kimoja sikukijaribu, nacho ni salamu.

Kwetu ibada haimaliziki kwa baraka, inamalizikia kwenye mstari. Wa kwanza kutoka anasimama nje ya mlango. Wa pili anamsalimu, anasimama kando yake. Wa tatu anawasalimu wote wawili. Na kuendelea, mpaka kanisa zima limesalimu kanisa zima. Wanaume hawakunipa shida, tunagonganisha vichwa kulia, kushoto, kulia, basi. Lakini akina mama wa Kivu hawatoi mkono. Wanakukumbatia, wanakuvuta, wanakupigapiga kuanzia bega kushuka mgongoni mpaka kiunoni, huku wakiuliza habari za nyumba. Yale mafunzo ya siku nzima hayakuwa na neno moja kuhusu kukumbatiwa na kiongozi wa akina mama.

Kiganja chake kilitua palepale. Kikasita. Kikapapasa kidogo, kwa upole. Kisha akanisogeza mbali kidogo akaniangalia usoni, macho yamejaa huruma.

"Pole, mwanangu. Imeanza lini?"

Nifanye nini? Siri ilikuwa ya watu watatu, na mmoja wao ni Mungu. Nikajibu, "Kitambo kidogo, mama."

"Na dokita anasema nini?"

"Anasema tungoje."

Jumanne wakaja nyumbani akina mama watano na mchungaji wetu. Nikakaa kwenye kochi, nimekumbatia mto kufunika upande wa kulia, ingawa bastola yenyewe ilikuwa chumbani kwenye kisanduku chake. Mmoja aliomba kwa machozi: "Bwana, uvimbe hii ni mugumu, Bwana, ni mugumu kama chuma!" Mke wangu akainuka kwenda jikoni, hakurudi tena. Mchungaji ndiye aliyeitikia amina kwa sauti kuliko wote, macho ameyafumba kabisa, na mpaka leo sijui aliyafumba kwa ajili ya Mungu au kwa ajili yangu.

Ningecheka mpaka leo kama habari ile ingebaki Louisville. Lakini Wakongomani wa Marekani tumeunganishwa na ujumbe wa sauti. Kufikia Alhamisi ulikuwa umefika Buffalo, kwa mama yangu.

Mama na dada yangu mkubwa walitangulia kutoka kambini mwaka mmoja kabla yetu. Wao wakapelekwa Buffalo, sisi Louisville; wanaogawa watu hawaulizi nani alinyonya wapi. Miaka saba nilimbembeleza aje aishi nasi. Wajukuu zake wananijibu kwa Kiingereza hata nikiwauliza chumvi iko wapi. Nilitaka wawe na mtu nyumbani ambaye lazima wamjibu kwa Kiswahili. Chumba tulikipaka rangi, kitanda kikatandikwa. Kila mwaka alikuwa na sababu: kanisa lake, mboga zake za lengalenga alizopanda nyuma ya jengo, dada yangu atabaki na nani. Hata theluji ya kule aliitetea kana kwamba aliizaa yeye.

Siku hiyo alinipigia simu mwenyewe.

"Donc, uko mugonjwa, na haukuniambia."

Nikafungua mdomo kusema ukweli. Naapa nilifungua.

"Nitakuja kukaa na weye," akasema. "Kuja unitwae."

Nikaufunga. Nilifurahi, wacha niseme wazi, nilifurahi sana na nikaona aibu, ila furaha ilikuwa kubwa kuliko aibu. Nikajiambia nitamweleza tukishafika nyumbani, akishatua begi. Uvimbe wangu wa chuma ulikuwa umefanya kwa siku moja kile ambacho mimi nilishindwa kwa miaka saba. Mke wangu alinionya. "Mama ya mutu haumuletake kwa uongo," akasema, lakini na yeye alikuwa ameshabadilisha mapazia ya kile chumba.

Nilimpigia shemeji kupanga safari. Akanieleza kwamba kibali changu cha Kentucky nikifika New York, jimbo la Buffalo, ni karatasi ya kufungia maandazi. Kule bila kibali cha kwao ni jela, hakuna mjadala. "Pitia kwangu," akasema, "uache hiyo kitu kwa safe yangu, ukirudi na mathe unaichukua." Kwa nini sikuiacha tu nyumbani? Nimejiuliza swali hilo mara nyingi. Jibu ni kwamba asubuhi ile nilivaa suruali, mkanda na kile kitu kama ninavyovaa kila siku, kwa mpango huohuo. Mtu aliyezoea kubeba hupata sababu ya kubeba.

Nilifika Westerville kabla ya saa sita mchana. Mdogo wangu alikuwa kazini, anatunza wazee, asingetoka mpaka jioni. Shemeji akanipokea mlangoni kwa salamu yao Wakenya wa siku hizi, ngumi kwa ngumi, mkono umenyooshwa, mwili uko mbali. Kisha akanipeleka chini kunionyesha sefu yake mpya. Ilikuwa sefu kweli. Inafunguka kwa alama ya kidole, ina taa ndani, ina zulia. Akaifungua, akaifunga, akaifungua. Akanifanya nami nisajili kidole changu. Tukajadili unene wa chuma, tukajadili moto ukitokea itastahimili vipi, akaniambia ilishinda nyingine kumi na nne kwenye jedwali. Tulisimama mbele ya ile sefu nusu saa nzima, tukaisifu, akaifunga.

"Uko set?" akaniuliza.

"Niko tayari," nikajibu.

Tukanywa chai, akaniombea safari, tukagonga ngumi, nikaondoka. Sefu ilibaki na bastola zake mbili. Ya kwangu ilikuwa kiunoni. Hakuna mchawi hapo. Yeye aliamini nimeiweka, na mimi baada ya nusu saa ya kuitazama sefu niliamini hivyohivyo. Angekuwa mama wa Kivu angenikumbatia pale mlangoni, mkono wake ungeigonga, angeniambia. Mkenya aliniaga kwa heshima, kwa mbali.

Kutoka Columbus mpaka Buffalo ni kama saa tano. Nilisimama mara moja kujaza mafuta. Nilivuka mpaka wa New York nikiimba, nikijua mimi ni raia mwema ambaye silaha yake iko kwenye zulia, Westerville.

Dada yangu anaishi na mama Tonawanda, pembezoni mwa Buffalo, karibu na kiwanda anachofanyia kazi. Siku hiyo alikuwa bado kazini. Mama alifungua mlango mwenyewe. Nyuma yake niliona begi lake limeshafungwa kwa kipande cha kitenge, na juu ya begi koti lake, na juu ya koti Biblia. Alikuwa tayari kuondoka hata dakika ileile. Mkononi alishika chupa ndogo ya mafuta ya kuombea.

Hakuanza na bega. Alikuja moja kwa moja kwenye ugonjwa. Mkono wa kushoto ukanishika shingo, wa kulia, wenye chupa, ukashuka kiunoni kwangu, na kabla sijaelewa nilisikia kioo kikigonga plastiki ngumu. Mama akauvuta mkono. Akahamisha chupa mkono mwingine, akarudisha kiganja, akapapasa polepole, kuanzia kwenye mpini, kushuka. Wale akina mama wa Louisville wengi waliondoka Kongo wangali wasichana. Mama yangu hakuhitaji kuuliza imeanza lini.

Ndipo nami nilipoikumbuka. 

"Mama, nilisahau. Ni ya kanisa. Sikupenda kuja nayo, nilikuwa niiache kwa shemeji..."

Alirudi nyuma hatua mbili. Akafunika chupa ya mafuta, akaiweka juu ya meza. Kisha akainamisha kichwa kidogo, akanionyesha kiti kwa mikono yote miwili.

"Karibu, chef. Kaa. Chakula iko tayari."

"Mama, ni mimi."

"Ndiyo, chef. Kaa."

Akaniletea maji ya kunawa, akapiga goti kunimiminia. Mama yangu, mwenye miaka sabini na kitu, na magoti yale. Nilijaribu kumwinua, akajikunyata, nikauondoa mkono wangu haraka. Akaleta bugali, sombe ya majani ya muhogo, na ndagala, dagaa wa kwetu, alizokuwa amenipikia kwa sababu mgonjwa lazima ale. Akaviweka mbele yangu, akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta, akasimama, mikono mbele, macho chini.

Mkao ule niliujua. Nilikuwa na miaka minane, chini ya kitanda, nikitazama kupitia kwenye upindo wa shuka. Watu sita walikuja nyumbani kwetu mchana, wakiwa na adabu sana. Bunduki zao kubwa waliziacha nje, wameziegemeza ukutani, wakamwambia mama asiogope, tazama, tumeziacha nje, tuna njaa tu. Mama akawapikia. Akawaita chef, wote sita, kama kila mwenye bunduki anavyoitwa kwetu. Akasimama ukutani mpaka wakamaliza, na nakumbuka mabega yake yalikuwa yameshalegea kidogo, kwa sababu bunduki zilikuwa nje kweli. Walipotaka kaka yangu mkubwa awabebee mzigo mpaka barabarani, na mama akasema mtoto ana homa, mmoja wao akapandisha shati akatoa nyingine, ndogo. Kaka aliubeba mzigo. Hatukumwona tena.

Nilikula. Sikujua la kufanya jingine. Ningekataa chakula chake, angeogopa zaidi. Nilikula bugali yote ya mama yangu nikiwa na bastola kiunoni, na yeye amesimama ukutani, na kila nilipoinua macho kusema neno aliuliza kama chef anaongeza.

Dada yangu aliingia akiwa bado na nguo za kiwanda. Alitazama meza, akatazama ukuta, akanitazama mimi.

"Umefanya nini?"

Nikainua shati kidogo. Akafunga mlango kwa haraka.

"Weye uko na akili? Hapa ni New York! Bakikukamata hapa, utaozea mule. Na unaileta kwa mama? Kwa mama, vraiment?"

Nilitoka nikaenda kwenye gari. Nikatoa risasi, nikafungia bastola kwenye kile kisanduku chake kwenye buti. Kila gari lililopita nilidhani ni polisi. Niliporudi ndani, pale mlangoni hapakuwa na begi tena. Kutoka chumbani nilisikia dada yangu akibembeleza, na kabati likifunguliwa, na hengeri zikigongana moja moja. Mama alikuwa anarudisha nguo zake mahali pake.

Niliondoka jioni hiyohiyo, kwa sababu kila saa niliyobaki katika jimbo lile ilikuwa kesi. Mama alinisindikiza mpaka kizingitini, akanishukuru kwa kuja, akaniombea safari njema kwa maneno ya heshima, ya wingi, kama unavyomwombea mkuu wa wilaya. Nikiwa barabarani nililia. Nina urefu wote huu, na nililia mpaka nikaegesha gari pembeni.

Bastola nilimrudishia yule bibi wa miwani juma lilelile. Hakuniuliza sababu, alisema tu kwamba hata za kati nazo hurudi. Nikamwambia mchungaji atafute mtu mwingine mrefu. Jumapili nikasimama kwenye mstari wa salamu, kiongozi wa akina mama akanikumbatia, kiganja chake kikashuka, kikatafuta, hakikupata kitu. Akapiga kigelegele palepale. Wakanizunguka, kila mmoja akapapasa kwa zamu, kila mmoja akathibitisha, na kabla sijajitetea nilikuwa nimerudishwa ndani, nimesimamishwa mbele, na mchungaji anawatangazia wote kwamba uvimbe umeondoka bila kisu. Watu mia na zaidi walishangilia kiuno changu kwa dakika tano. Wengine mpaka leo wanautumia ushuhuda ule kuwatia moyo wagonjwa.

Jioni nikampigia mama. Nilikuwa nimejipanga maneno yangu vizuri, nimekaa kwenye kitanda cha kile chumba chake.

"Mama, nimeirudisha dukani. Sina tena."

Nilisikia akivuta pumzi. Nilisikia televisheni ya dada yangu kwa nyuma.

"Bon," akasema. "Ni vizuri." Kisha akauliza polepole, bila hasira hata kidogo, "Na ile ingine?"

"Hakuna ingine, mama. Ilikuwa moja tu. Naapa hakuna ingine."

"Ndiyo, chef," akasema, na kwa adabu ileile akaniuliza watoto wanaendeleaje.